Alifu Imo Ndani ya Mashine, Ila Hatujaiamsha

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga, na swali nililoulizwa Meru mwaka jana limenikaa moyoni hata leo. Nilikuwa nimepanda bara kwa shughuli ya arusi. Nikapita Embu, nikapita Chuka, mpaka nikafika Meru, na siku ya Ijumaa nikasali na ndugu zetu wa Majengo. Baada ya sala maalim mmoja wa madrasa alinionyesha karatasi ya mtihani wa watoto. Maswali ya Kiswahili yalipigwa chapa vizuri, lakini kila penye aya au neno la Kiarabu paliachwa pengo, na maalim mwenyewe aliyajaza mapengo hayo kwa kalamu kabla ya kutoa nakala. Dukani alikopigisha chapa waliambiwa kuwa kompyuta haina Kiarabu.

"Shekhe," akaniuliza, "nyinyi wa pwani mwazipata wapi mashine za Kiarabu?"

Msomaji mpenzi, jibu ni kwamba hakuna mashine ya Kiarabu, wala haihitajiki. Kompyuta ile ile iliyoandika Kiswahili cha mtihani ina alifu hadi ye ndani yake. Tangu mwaka 1991, ulipotolewa mpango wa kuzipa herufi za dunia namba moja moja, uitwao Unicode, herufi za Kiarabu zilikuwamo. Mashine zinazotumia Windows zinazo bila ya kulipa senti. Mtu hufungua mipangilio, akaenda mahali pa saa na lugha, akaongeza Kiarabu, basi. Kisha akibonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi, kibodi hugeuka kutoka Kizungu kuwa Kiarabu, na akibonyeza tena hurudi.

Penye A utaikuta shini. Penye S, sini. Penye F, be. Penye G, lamu. Na penye H, alifu. Irabu nazo zipo. Shikilia kitufe cha Shift: ukigusa Q ni fat-ha, A ni kasra, E ni dhamma, X ni sukuni. Ukitaka mstari uanzie kulia, bonyeza Ctrl pamoja na Shift ya mkono wa kulia. Anayesahau mahali pa herufi anaweza kubandika vibandiko juu ya vitufe. Hii ni kazi ya nusu saa, na mazoezi ya wiki mbili.

Basi kwa nini ndugu yetu aliambiwa haina? Kwa sababu aliyeketi mbele ya mashine hakuwahi kuulizwa, na sisi wenye haja hatukujua kuwa tuna haki ya kuuliza. Hapa si Meru wala Embu peke yake. Hapa kwetu pwani pia utaona bango la maulidi limechapwa kwa rangi za kupendeza, na jina la Mwenyezi Mungu limekatika vipande, herufi zimeachana, zimeanzia kushoto. Aliyelichora alitumia programu isiyojua kuunganisha herufi za Kiarabu, na aliyelilipia hakulisoma kabla ya kulitundika.

Wako watakaosema: kuna haja gani, na herufi za Kizungu zatutosha? Sizitukani herufi hizo. Ndizo ninazoziandikia makala haya. Lakini qalb ni moyo, na kalb ni mbwa. Katika herufi za Kizungu, kama tunavyoandika wengi wetu, yote mawili huwa "kalbi". Mtoto anayesoma dua kwa maandishi hayo hana njia ya kujua ameomba kitakaswe nini.

Hata hivyo tusijidanganye kuwa kibodi ya Kiarabu ikishawekwa mambo yamekwisha. Kibodi hiyo imetengenezewa Mwarabu, nasi tuna sauti asizokuwa nazo. Haina pe, haina che, haina ve. Ukiandika kwa herufi zake tu, "pata" na "bata" huwa kitu kimoja. Irabu zake ni tatu na zetu ni tano, kwa hiyo "shoka" na "shuka" hufanana. Wazee wetu waliliona tatizo hili zamani, wakaongeza nukta na alama. Mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti lake la Sahifa pale Mombasa, aliliandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwaka huo huo iliundwa kamati ya serikali za kikoloni ya kusanifisha Kiswahili, na kilichosanifishwa kilikuwa kile cha herufi za Kizungu. Vitabu vya shule vikafuata huko, na taipureta zikafuata vitabu. Zetu zikabaki mkononi na sandukuni.

Leo mashine imeondoa udhuru huo. Kibodi ya Kiajemi ina pe, che na ga. Katika simu nyingi, ukiibonyeza be kwa muda huibuka pe, na fe huibuka ve. Katika miaka ya 2010 Kevin Donnelly alitunga programu huru iitwayo Andika!, mahsusi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Chombo kipo, haja ni mikono.

Na hapo ndipo nilipojifunza jambo Meru nisilolitarajia. Nilipomweleza yule maalim habari ya irabu zetu tano, kijana aliyeketi karibu, Mmeru, alicheka akasema kwamba wao wana saba. Ni kweli. Kimeru na Kiembu vina irabu saba, na herufi za Kizungu zina tano, kwa hiyo huwekwa alama juu ya i na juu ya u kutenga sauti mbili zaidi. Kibodi ya Kiingereza iliyozoeleka haina kitufe cha ĩ wala cha ũ. Basi wengi huziacha alama hizo, na msomaji hubahatisha. Tuliojidhani wapweke tuna majirani.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaitaka dola ikuze lugha za wenyeji. Meru ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichopewa hati mwaka 2013. Embu ina chuo kikuu chake tangu mwaka 2016. Kutunga mpango wa kibodi hakuhitaji mamilioni: kampuni ya Microsoft yenyewe ilitoa chombo cha bure cha kufanyia kazi hiyo. Wanafunzi wa huko wakikaa na maalim wa Majengo na wazee wanaokijua Kimeru na Kiembu, wanaweza kutunga kibodi yenye ĩ na ũ, na nyingine yenye pe, che na irabu zetu zote. Nasi wa pwani tusingoje kualikwa. Kila madrasa yenye kompyuta iwe na mtu mmoja aliyejifunza kuiamsha alifu, naye amfunze wa pili.

Yule maalim sikumwacha hivi hivi. Tulirudi pamoja mpaka duka lile, tukamwomba kijana ruhusa, na kabla ya laasiri karatasi ya mtihani ilitoka haina pengo. Kijana wa duka alishangaa kuliko sisi. Nami njiani nikitelemka nilitunga ubeti huu:

Herufi si kitu duni, ndizo zibebazo neno,
Zikibaki sandukuni, mchwa huzitia meno,
Zitie kwenye mashini, zirudi kama za wino,
La leo lingoje lini? Kazi yataka mkono.