Pasipoti mpya, mtu ni yule yule
Mwalimu mgeni anayefunza Thailand akipata pasipoti mpya, nambari yake hubadilika. Asipoipeleka kwenye tawi la benki, huenda akazuiwa kuugusa mshahara alioutolea jasho. Mimi sipingi ukaguzi. Matapeli huko wamewapora wengi kwa kutumia akaunti zenye majina ya watu wengine, na tangu 2023 anayetuma zaidi ya baht 50,000 kwa simu hana budi kuthibitisha uso wake. Ninalolipinga ni kanuni kubadilika dirisha hadi dirisha: tawi hili laridhika na kibali cha kazi, lile ladai hati ya makazi kutoka uhamiaji. Bawabu mwema humzuia mwizi, hamfungii nje mwenye nyumba. Masharti na yawe mamoja, yabandikwe mlangoni.