"Hatuna superkompyuta": wimbo nimeuchoka

Jamani, kuna wimbo nimeuchoka. Uliza kwa nini kijana anamaliza shahada ya kompyuta bila kuandika hata programu moja inayogawa kazi kwa prosesa nyingi, utajibiwa: "Hatuna superkompyuta." Basi uchakataji sambamba unafundishwa ubaoni kwa mishale na visanduku, mtihani unafanywa, cheti kinatoka. Ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kwa chaki!

Kisingizio hicho kilikufa mwaka 1994. Mwaka huo Thomas Sterling na Donald Becker, pale NASA Goddard, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za 486, wakaweka Linux ya bure, zikabeba mzigo mmoja. Wakaiita Beowulf. Hawakusubiri mtambo wa mamilioni.

Tangu hapo mambo yamezidi kuwa rahisi. Februari 2012 ilitoka Raspberry Pi huko Uingereza: kompyuta nzima kwenye bodi moja, ukubwa wa kadi ya benki, dola 35. Mwaka huohuo Profesa Simon Cox wa Chuo Kikuu cha Southampton aliunganisha 64, akazipanga kwenye kabati la Lego akisaidiwa na mwanawe wa miaka sita. Gharama ilikuwa chini ya pauni 2,500 ukiacha swichi, na umeme ulitoka soketi moja ya ukutani. Mwaka huohuo tena, kule Marekani, Andreas Olofsson na kampuni yake ya Adapteva walichangiwa na watu karibu dola 900,000 watengeneze Parallella: bodi ya dola 99, chipu yenye viini 16, umeme wati 5 hivi. Taa ya sebuleni kwako huenda inakula zaidi.

"Hivyo ni vitu vya kuchezea," wataniambia wakubwa. Haya, mwaka 2017 maabara ya Los Alamos, yenye mitambo ambayo sisi tunaiona kwenye picha tu, ilijengewa kundi la Raspberry Pi 750. Kwa nini? Kwa sababu mtambo mkubwa una kazi zake, huwezi kuusimamisha kila mtaalamu anapotaka kujaribu programu mpya. Wao hawakuona aibu.

Sidanganyi mtu: kwa kasi, bodi hizi haziifikii seva nzuri, na Parallella yenyewe haikutamba sokoni. Lakini darasani hatutafuti kasi, tunatafuta akili. Kugawa kazi, kutumiana ujumbe, kumsubiri aliye nyuma: hayo ni yaleyale kwa bodi 8 au kwa mtambo wa ghorofa nzima. Gene Amdahl alishatuonya mwaka 1967 kwamba kama sehemu ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata ulete prosesa elfu, hutavuka kasi ya mara kumi. Mama zetu wanaijua hiyo kwenye pilau ya harusi. Wakimenya vitunguu watu ishirini vitaisha upesi, lakini wali utaiva kwa muda wake. Mwanafunzi akiliona hilo kwenye bodi zake mwenyewe, halisahau.

Na mgao wa umeme, ule wa 2006 na wa 2023? Bodi nane za wati 5 ni wati 40. Betri na paneli ya sola vinatosha.

Fedha? Bodi nane, swichi na nyaya ni dola mia chache. Semina moja ya "mapinduzi ya kidijitali", kwa posho na maandazi yake, inakula zaidi ya hapo. Na semina hazikosi fungu!

Kwa hiyo, waheshimiwa wakuu wa idara, msituambie tena hamna superkompyuta. Semeni hamtaki. Vijana wetu wanashindana na wenzao waliochezea bodi hizi tangu sekondari, na soko la kazi halisahihishi mishale ya ubaoni.

Au nasema uongo, ndugu msomaji?