Bukavu: Mganga wa miti anatahiniwa na nani?

Mtu wa Bukavu akisema anaenda kwa munganga, ana maana ya hospitali. Anayetibu kwa mizizi na majani ana majina mengine: mufumu kwa wazee wa Bushi, au "yule mzee wa miti" tu. Ukifika Tanzania maneno yanageuka, mganga ni wa kienyeji na wa hospitali ni daktari. Wageni huchanganyikiwa, sisi tumezoea. Lakini chini ya majina hayo kuna swali ambalo mji huu haujawahi kulijibu: huyu anayetupa dawa ya chupa alisoma wapi, na nani alimpima kabla hajaanza kutibu watu?

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama, mishahara ikakatika. Familia iliyobaki na franka chache huanza kwa miti, na hospitali hufuata ugonjwa ukishakuwa mkubwa. Jambo hilo lilikuwepo hata kabla ya vita, kwa sababu Kongo mgonjwa hulipa kutoka mfukoni mwake. Vita vimeliongezea nguvu tu.

Chukua karuho. Hakuna mtu wa Bushi asiyelijua jina hilo: sumu inayosemekana kuwekwa katika kinywaji au chakula, kisha mtu anaanza kukauka polepole. Anakonda, anakohoa, anapoteza hamu ya kula. Ndugu hawabishani sana, wanatafuta mtu anayejua kuitoa. Tatizo ni kwamba kukonda na kukohoa ni dalili pia za kifua kikuu na za UKIMWI, na kukonda ni dalili ya magonjwa kadhaa ya ini. Mtu aliyefundishwa na babu yake anaweza kujua majani ya mlima mzima, yapi hutapisha na yapi hutuliza tumbo. Hakuna aliyemwambia kwamba kikohozi kikizidi wiki mbili makohozi yapelekwe maabara. Mgonjwa anatapishwa wiki tatu, na wakati huo watoto wanalala naye chumba kimoja.

Mpox nayo ilitupa mtihani huo huo. Aina mpya ya virusi, iliyopewa jina 1b, iligunduliwa kwa wagonjwa wa Kamituga waliougua kuanzia Septemba 2023. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Mtu mwenye vipele sehemu za siri haendi mbio kituo cha afya. Huanza kwa mtu anayemwamini, wa jirani, asiyeandika jina lake kwenye daftari. Je, huyo anayeaminiwa alijua cha kufanya: asishike vipele kwa mikono mitupu, amtenge mgonjwa, atume habari? Kama hakujua, kumlaumu ni rahisi mno. Hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumfundisha.

Kwenye mjadala kama huu, wanaotetea miti hupenda kutaja China na Korea Kusini. Kule, husema, dawa za asili zina vyuo vikuu, zina hospitali, na mwenye kutibu huitwa daktari sawa na mwenzake. Ni kweli. Serikali ya China ilifungua vyuo vinne vya kwanza vya tiba ya Kichina mwaka 1956, Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, na shahada yake kwa kawaida ni miaka 5. Korea Kusini iliweka leseni ya daktari wa tiba ya asili katika sheria ya mwaka 1951. Leo anayeitaka anasoma miaka 6 katika mojawapo ya vyuo 12, kisha anafanya mtihani wa taifa. Tangu 1987 bima ya afya ya taifa inalipia tiba ya sindano nchini kote. Ukisikia hayo ukiwa Kadutu, unaona wenzetu wamemaliza kazi.

Ila ukiwasikiliza madaktari wenyewe waliopita katika vyuo hivyo, unasikia manung'uniko mengi kuliko majigambo.

Wakorea wanalalamika kwamba chuo kinawajaza vitabu na kuwaacha bila mikono. Wanakariri maandishi ya kale, hasa mapokeo yanayotoka kwa tabibu Heo Jun, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1613. Wanasoma pia anatomia na magonjwa kama wanafunzi wa udaktari wa kawaida, lakini somo moja haliongei na lingine. Mtihani wa taifa unapima kumbukumbu. Akipata leseni, mhitimu anaweza kufungua kliniki yake bila kwanza kukaa hospitalini chini ya mkubwa wake, na wengi hufanya hivyo. Halafu kuna ugomvi wa vyombo. Madaktari wa kawaida walisema kwa miaka mingi kwamba wenzao wa tiba ya asili hawana elimu ya kutumia mashine za kupiga picha za mwili, na wao wakajibu kwamba somo hilo walilisoma chuoni. Ugomvi ulifika mahakama ya juu, ambayo Desemba 2022 ilisema kutumia mashine ya ultrasaundi si kosa la jinai kwa daktari wa tiba ya asili. Yaani hata baada ya miaka 6 ya chuo, swali la nani alisoma nini liliamuliwa na majaji.

Kwa Wachina lawama inaelekea upande mwingine. Wazee wa fani hiyo wanasema vyuo viliweka biolojia na dawa za kizungu nyingi mno, hadi kijana anatoka na shahada bila kujiamini akishika mshipa wa mkono wa mgonjwa. Zamani alikaa miaka mingi kando ya mwalimu mmoja, akiona mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Chuo kilileta usawa wa masomo na kikafukuza ukaribu huo. Serikali yenyewe ilikiri kasoro, kwa sababu mwaka 1990 ilianza mpango wa kuwapa madaktari wakongwe wanafunzi rasmi wa kukaa nao. Walijenga shule, kisha wakarudi kumtafuta babu.

Sisi babu bado tunaye, na hilo hatulioni kama mali. Mtoto wa Walungu au Kabare anayemfuata bibi yake msituni anapata kile ambacho Wachina wanajaribu kukirudisha kwa amri ya serikali: macho, mikono, na wagonjwa halisi. Anachokosa ni mambo mawili, kipimo na mipaka. Dawa kiasi gani kwa mtu mzima, kiasi gani kwa mtoto na kwa mama mjamzito? Na ni siku ya ngapi useme, huyu sasa si wangu, mpelekeni hospitali?

Kuhusu kipimo, Bukavu haina sababu ya kujifanya mgeni. Mji huu una kiwanda cha Pharmakina, ambacho kwa miongo mingi kimetoa kinini kwenye magome ya mti uliopandwa Kivu. Ni gome tu, kama magome mengine. Kiwandani linapimwa kwa miligramu, na kila mkupuo wa dawa unapaswa kulingana na mwingine. Sokoni gome linapimwa kwa kiganja, na viganja havilingani. Tu Youyou wa China, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria, alianzia katika maandishi ya tabibu wa karne ya 4 kuhusu mmea wa jamii ya artemisia. Mabingwa wetu wa redioni hupenda kuishia hapo. Kilichobaki ni miaka ya maabara, wanyama na watu, hadi kipimo kikajulikana. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ya mmea huo, kwa sababu kiasi cha dawa kwenye majani hubadilika na vimelea vinaweza kuzoea. Chai hiyo inanywewa hapa mjini hata hivyo.

Na wenye shahada wasijione watakatifu. Matokeo ya jaribio kubwa la chai hiyo dhidi ya kichocho, lililofanyika jirani zetu Maniema, yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la kimataifa, na mwaka 2020 jarida hilohilo likayafuta.

Watafiti wetu wamefanya kazi. Lwiro, upande wa Katana, kuna kituo cha sayansi kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, na mimea ya dawa ni sehemu ya kazi yake. Mtafiti Chifundera Kusamba alichapisha mwaka 2001 orodha ya mimea ya dawa inayotumika Bushi. Mfamasia Félicien Mushagalusa Kasali wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu naye, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa mimea inayotumiwa mjini dhidi ya kisukari. Kazi za namna hii zina thamani, lakini angalia njia zinakopita. Mzee anaulizwa, mmea unakaushwa na kuwekwa jina la Kilatini, makala inatoka kwa Kiingereza au Kifaransa. Mtafiti anapanda cheo. Mzee, ambaye hapo ndiye mwalimu, harudishiwi hata karatasi moja inayosema: huu uliotupa tumeona una sumu kwenye ini, upunguze. Elimu imetembea upande mmoja.

Sheria ipo. Sheria ya afya ya umma namba 18/035 ya Desemba 2018 inaitambua tiba ya asili, na wizara huko Kinshasa ina programu ya taifa inayoishughulikia. Kuna vyama pia, na vyama hutoa kadi. Kadi inaonyesha kwamba mtu amelipa mchango. Haisemi anajua nini. Wengine wanaining'iniza ukutani karibu na picha ya Yesu, na mgonjwa anadhani ni diploma.

Kwa maoni yangu, kujenga chuo cha tiba asili Bukavu leo lingekuwa kosa. Tungepata jengo, rekta, ada za masomo, na vijana wa mjini wenye diploma wasiojua kutofautisha mubirizi na jani la jirani yake. Wazee wenye ujuzi, ambao wengi Kifaransa hawakisomi, wangebaki nje ya lango. China yenyewe ilitambua hatari hiyo. Sheria yake ya tiba ya Kichina, iliyoanza kazi Julai 2017, inamruhusu mtu aliyejifunza kwa mwalimu wake, bila chuo, aombe kutahiniwa. Lazima apendekezwe na madaktari wa fani hiyo wasiopungua 2, na mamlaka ya afya ya jimbo inampima ujuzi na matokeo ya tiba yake. Akishinda anapata leseni ya kutibu kwa njia zile tu alizopimwa. Hakuna anayemuuliza cheti cha sekondari.

Kifungu hicho ndicho cha kuiga. Jopo la Bukavu lingeweza kuwa na waganga wazee wawili wanaoheshimiwa, mfamasia wa chuo kikuu, mtaalamu wa mimea wa Lwiro, na muuguzi wa eneo la afya. Mtihani ufanyike kwa Mashi, Kilega au Kiswahili, si kwa Kifaransa. Mezani kuwe na majani mabichi, kisha maswali machache magumu: mtoto mwenye degedege utafanya nini? Mama mwenye damu ya uzazi? Mtu anayekohoa wiki ya tatu? Anayejibu kwamba atawapeleka hospitali amefaulu nusu ya mtihani.

Nusu ile ya pili hufundishwa kwa siku chache. Uganda ilijaribu. Shirika la THETA lilianza mwaka 1992 kuwafundisha waganga wa jadi kuhusu UKIMWI, jinsi ya kuzungumza na mgonjwa na jinsi ya kumpeleka hospitali, bila kuwaambia kwanza waache kazi yao. Tanzania ilichukua njia ya usajili: sheria namba 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Usajili peke yake una udhaifu wake. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni kule Loliondo kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Masapila, na baraza lilikuwepo.

Kikwazo kikubwa kwetu huenda kisiwe fedha. Ni siri. Mzee aliyerithi dawa kwa baba yake anaona jopo la wasomi kama wezi waliovaa koti jeupe, na historia ya orodha zile za mimea haimpi sababu ya kufikiri vinginevyo. Njia moja ni kumpima bila kumtaka afichue mchanganyiko wake wote: aonyeshe mmea, kipimo na madhara, na chochote akitakacho kiandikwe kwa jina lake. Wafamasia watapinga, kwa sababu huwezi kujua madhara ya kitu usichojua kilivyotengenezwa. Wana haki kupinga, na mabishano hayo ndiyo yangepaswa kuanza sasa kati yao na waganga, ana kwa ana.

Linabaki suala la mhuri. Leo Kinshasa ina sheria bila kuushika mji, na wanaoushika mji hawana sheria hiyo mikononi. Cheti cha upande mmoja kinaweza kumponza mzee mbele ya upande mwingine. Ila daftari la rufaa halihitaji mhuri wa mtu. Muuguzi wa kituo cha afya cha Panzi au Bagira anaweza kumpa mganga wa jirani daftari la franka chache, aandike jina la mgonjwa aliyemtuma, dalili, na siku aliyoanza kumtibu. Mwisho wa mwezi wakae wawili walisome pamoja.