GARI LA MBAO SI AIBU, NDUGU YANGU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu Muislamu, leo sizungumzii talaka wala mirathi. Nazungumzia kitu kilichopo sakafuni kwako sasa hivi, mkononi mwa mwanao wa mwaka mmoja na nusu, na kitambo kidogo kitakuwa mdomoni mwake. Kijana mmoja aliniambia baada ya Maghrib, "Shekhe, vitu vya kuchezea ni mambo ya dunia, wewe tufundishe dini." Nikamwambia, kaa chini kijana wangu, hii ndiyo dini yenyewe.

Nianze na kosa langu, maana asiyejisema hana haki ya kuwasema wengine. Siku chache kabla ya Idi nilishuka Tunduma kwa shughuli zangu. Kwenye duka moja nikaona gari la plastiki, linawaka taa nyekundu na bluu, linaimba. Nikamkumbuka mjukuu wangu, wakati huo ana mwaka mmoja na miezi minne. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa na kazi nyingine, lakini nilitaka nikirudi Ndalambo watu waone kwamba babu kaleta kitu. Nikanunua.

Siku ya pili gurudumu likaanza kulegea. Siku ya tatu nipo kibarazani nasoma, nikasikia mkwe wangu anapiga ukelele, "Baba! Mtoto!" Nikaingia mbio. Mtoto macho yamemtoka, mdomo wazi, sauti haitoki. Mama yake akamlaza kifudifudi juu ya paja, kichwa kikiwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Moja, mbili, tatu. Mara ya nne gurudumu likaruka sakafuni, mtoto akalia. Wallahi sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Yule binti alikuwa amefundishwa jambo hilo kliniki. Mimi mwenye kilemba nilikuwa nimeshikilia mlango tu, miguu imekufa ganzi.

Niliokota lile gurudumu. Lilikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti. Nikajiuliza: hivi lile gari nilimnunulia nani? Mtoto hakuniomba taa. Mtoto hakuniomba nyimbo. Nililinunulia macho ya majirani.

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo, ndugu yangu, na leo nitausema bila kuuzungusha. Wengi wetu hatuchagui cha kumfaa mtoto, tunachagua cha kutuondolea aibu. Fundi seremala yupo hatua mia mbili kutoka nyumbani kwako, anaweza kumchongea mwanao gari litakalodumu mpaka alirithi mdogo wake. Unapita. Unasema, "Gari la mbao? Watu watasema sina hela." Kisha unapanda gari mpaka mpakani, unarudi na kitu kitakachovunjika kabla mwezi haujaandama. Mwezi ujao unanunua kingine. Mwenyezi Mungu ametukataza ubadhirifu katika Suratul Israa, na akawataja wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Wewe ulidhani aya ile inawahusu matajiri peke yao?

Na usije ukaniambia kwamba mbao ni kitu duni. Nabii Nuhu (Alayhi Salaam) aliokolewa juu ya mbao na misumari, Qur'ani inasema hivyo katika Suratul Qamar. Nabii Zakaria alikuwa seremala, imo katika Sahihi Muslim. Mimbari ya Mtume (S.A.W.) ilikuwa ya mbao, iliyotengenezwa na fundi seremala. Ikiwa mbao ilifaa kubeba nyayo za Mtume wa Allah, imekuwaje leo isifae kwa mwanao?

Wapo wanaosema mbao haina maisha. Kule Goma, mashariki ya Kongo, watu wazima wanabeba magunia ya viazi na mkaa juu ya chukudu, chombo cha kusukuma kilichochongwa kwa mti, hata magurudumu yake ni ya mti. Mji wa Goma umekijengea chombo hicho sanamu. Mtu mzima anakiamini chombo cha mbao kibebe riziki ya familia yake, wewe unaogopa kumpa mtoto asukume nacho kopo?

Upande wa pili wapo wanaosema mchezo wote ni upuuzi, mtoto anyamazishwe tu. Hawa nao wamepotea njia. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere, akicheza nao nyumbani kwa Mtume, na habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Katika Abu Daud imekuja kwamba alikuwa na farasi mwenye mbawa za vitambaa, Mtume akamuuliza habari yake, na jibu lake likamfanya acheke mpaka magego yakaonekana. Masahaba walipowafunza watoto wao kufunga Ashura, waliwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi, mtoto akilia kwa njaa anapewa acheze mpaka wakati wa kufuturu. Zingatia, ndugu yangu. Sufi na vitambaa. Walichukua kilichokuwepo nyumbani, wakatengeneza kwa mikono yao.

Na mwenye wasiwasi wa masanamu, mlango upo wazi. Wanachuoni wamezungumza mengi juu ya maumbo ya viumbe wenye roho. Gari, treni, nyumba na vipande vya kupanga havina roho, basi khitilafu ile haikugusi.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu sitaki mtu atoke hapa aokote kipande chochote cha ubao ampe mtoto aseme Shekhe kasema. Mti peke yake si kinga. Mwezi Juni 2007 kampuni ya RC2 ya Marekani iliita zirudishwe treni za mbao za Thomas and Friends zilizotengenezwa China, vipande takriban milioni 1.5, kwa sababu rangi yake ilikuwa na madini ya risasi. Mbao ilikuwa nzuri, sumu ilikuwa kwenye rangi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Inaharibu ubongo. Unamlipia ada ya madrasa ahifadhi Qur'ani, huku unampa alambe kitu kinachokula akili ya kuhifadhia!

Basi ukienda kwa fundi, mwambie haya:

Kwanza, mbao. Iwe kavu, ngumu, isiyo na nyufa wala vibanzi. Mabaki ya mninga kutoka kwenye fremu za milango yanafaa sana, na fundi atakupa kwa bei ndogo. Usikubali kipande cha nguzo ya umeme wala mbao yenye rangi ya kijani ya dawa. Dawa hizo za kuzuia mchwa mara nyingi huwa na shaba, kromu na aseniki, na aseniki ni sumu.

Pili, ukubwa. Chukua lile boksi la duara linalobaki katikati ya karatasi ya chooni. Kipande chochote kinachoweza kupita humo, kinaweza kwenda kooni kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Magurudumu yawe makubwa kuliko hapo.

Tatu, maungio. Ekseli iwe kijiti kinene kilichopigiliwa kikakaza, si msumari. Kabla hujalipa, vuta gurudumu kwa nguvu zako zote, kisha lidondoshe gari kwenye sakafu ya saruji mara tatu. Fundi akikasirika, mwambie mwanangu atalidondosha mara mia.

Nne, kingo. Zote ziviringwe, zipigwe msasa, wa kukwaruza kwanza kisha laini. Pitisha shavu lako mwenyewe juu yake. Likikukwaruza wewe, litamchana yeye.

Tano, usipake rangi wala vanishi usiyoijua. Paka mafuta ya kula ya alizeti, futa, acha likauke. Likichafuka, lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, usiliroweke.

Sita, kama lina kamba ya kuvutia, iwe fupi, isiweze kuzunguka shingo. Na lisiwe zito la kumvunja kidole likimwangukia mguuni.

Kuna jambo moja zaidi kwa walio na vile vinavyoimba nyumbani. Angalia leo hii betri yake. Zile betri ndogo za duara kama kifungo zikimezwa zinaweza kuunguza koo la mtoto vibaya ndani ya saa mbili tu. Kama kifuniko chake hakifungwi kwa skrubu, kiondoe kitu hicho nyumbani kabla ya Isha. Ukishuku amemeza, kimbia hospitali, usisubiri aumwe.

Na mtoto akikwamwa na kitu kooni ila anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kulia na kupumua, fanya kama alivyofanya mkwe wangu, na usichokonoe kwa kidole kitu usichokiona. Waulizeni wahudumu wa kliniki wawaonyeshe kwa vitendo, kina baba pia. Nimeshasema mimi nilikuwa wapi siku ile.

Mtaniuliza, mjukuu anachezea nini sasa? Nilikwenda kwa fundi, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akanichongea gari la magurudumu manne na vipande kumi na viwili vya kupanga, kwa fedha pungufu ya niliyoacha Tunduma. Gari halina taa. Mlio wake anautoa mtoto mwenyewe kwa mdomo, anaongea nalo kutwa nzima. Asubuhi ni lori la mahindi, jioni ni basi, juzi lilikuwa ng'ombe. Lile la taa lilikuwa linacheza lenyewe, mtoto analitazama. Hili lisiposukumwa halitembei. Nadhani umenielewa, hasa wewe unayempa simu atazame katuni ili apate kunyamaza.

Ndugu yangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo hutaulizwa kama majirani walikisifu ulichomnunulia mwanao. Utaulizwa juu ya mwanao. Andaa jibu lako mapema, na uanze usiku huu: piga magoti sakafuni, kusanya vyote anavyochezea, pitisha kimoja kimoja kwenye lile boksi la duara. Kinachopita, kitoe. Kesho pita kwa fundi, na utembee na gari la mbao mkononi katikati ya mtaa, watu wakuone.

Allah awahifadhi watoto wetu, atusamehe tuliyoyafanya kwa kutafuta sifa, na awape riziki ya halali mafundi wetu. Amin.

Mfikishie ujumbe huu kila mwenye mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu yenu katika imani,
Imamu wenu, Ndalambo