Shetani wa filamu asibandikwe mtoto wa sokoni

Filamu za kutisha zenye mtoto mwovu zinauzika. Tangu "The Omen" ya 1976, ambamo mwana wa shetani analelewa nyumbani kwa balozi wa Marekani, hadi "Orphan" ya 2009, wateja hawaishi. Vibanda vya video vya Uganda, kuanzia Jinja hadi Nabuyonga mjini Mbale, vimezoea kuonyesha filamu za nje huku mfasiri akisimulia kwa Kiganda.

Kuziuza si kosa. Kosa ni kuuza hadithi kama ushahidi. Nigeria imeshayaona madhara yake: "End of the Wicked" ya 1999 ilionyesha watoto wachawi, na watetezi wa watoto waliilaumu kwa kuchochea imani iliyowafanya wazazi kuwafukuza watoto wao. Mwaka 2008 jimbo la Akwa Ibom lilipiga marufuku kwa sheria kumwita mtoto mchawi. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya yetu 2022, ina sheria ya 2009 inayomwadhibu anayemtuhumu mtoto hivyo. Mjini Kinshasa, watoto wengi wa mitaani walifukuzwa makwao kwa tuhuma hiyo hiyo.

Mfanyabiashara, ukisubiri gari la Malaba pale Mbale, utamwona mtoto akiokota chupa za plastiki. Hana pepo; ana njaa. Wakianza kumwita mchawi, wakataze, uite polisi. Nawe unayeuza filamu, mwambie mteja ukweli: huu ni mchezo wa kuigiza.