Samaki Mkubwa wa Kijito Kidogo



Mtu wa Masereka akisikia neno samaki, fikira zake huenda moja kwa moja Kyavinyonge au Vitshumbi, kwenye ziwa Edward, ambako samaki hutolewa kwa nyavu na kupandishwa milimani kwetu. Vijito vyetu wenyewe, vile ambavyo watoto huvivuka kwa kuruka, twavihesabu kuwa maji ya kuteka na ya kufulia tu. Leo tuzungumze juu ya samaki apendaye vijito vya namna hiyo, na juu ya jambo linalowastaajabisha wavuvi wake: mara chache, katika maji yasiyopita goti, hutoka samaki mkubwa asiyetazamiwa kabisa.

Samaki huyo huitwa trauti. Wasemao Kifaransa humwita truite. Kwao si Afrika ya kwetu. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan alileta trauti wa Loch Leven, huko Uskoti, wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua nchini Kenya. Baadaye ikaletwa aina ya pili, yenye asili yake Marekani, na vijito vya Mlima Kenya navyo vikapata trauti. Mwanafunzi atauliza: samaki wa nchi za baridi aishije karibu na ikweta? Jibu ni kimo cha milima. Trauti hutaka maji baridi, yapitayo kwa kasi juu ya mawe na kushika hewa nyingi. Maji yakizidi digrii 20 huanza kutaabika.

Chakula chake kikubwa ni wadudu. Kwa hiyo mvuvi hutengeneza mdudu wa bandia, kwa manyoya ya ndege na nyuzi zilizozungushwa juu ya ndoana ndogo. Ufundi huu si wa jana. Yapata miaka 1,800 iliyopita, Aelianus wa Roma aliandika jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya katika ndoana zao. Trauti hukaa akielekeza kichwa kule maji yatokako, akingoja kinacholetwa. Basi mvuvi mwenye akili humjia kwa nyuma, akipanda kijito polepole, bila kishindo wala kivuli chake kuanguka majini.

Katika kijito chembamba mvuvi hutazamia samaki wa kiganja kimoja. Ghafula ufito wapindika mpaka karibu na mkono, na mshipi wakimbia. Hapo ndipo hujulikana mvuvi ni nani. Uzi ulio karibu na ndoana ni mwembamba kama unywele, ili samaki asiuone. Akiuvuta kwa nguvu, utakatika mara moja. Mwenye maarifa huuinua ufito wake, kwa maana ufito unaopindika humeza mishtuko ya samaki, na uzi hausumbuki. Samaki akitaka kwenda, humwacha aende. Akipumzika, humrudisha kidogo kidogo. Humzuia kwa upande asifike kwenye mizizi, ambako uzi ungezongwa. Mwishowe samaki hulala ubavu, naye humwongoza penye maji yaliyotulia, na kumpitishia wavu mdogo chini yake. Mwenye pupa hubaki na uzi mtupu.

Lakini samaki yule alipataje ukubwa huo mahali padogo hivyo? Si muujiza. Kila kijito kina shimo moja au mawili yenye kina, chini ya mzizi au ukingo uliobonyea. Samaki mwenye nguvu hupashika mahali hapo na kuwafukuza wengine. Mchana hujificha kivulini. Jioni hutoka kula, si wadudu tu, bali na vyura na samaki wadogo, hata wa jamaa yake. Hivyo huongezeka mwaka kwa mwaka, wala hakuna amwonaye. Amtoaye amekula matunda ya miaka mingi ambayo kijito kilikaa kisafi: miti ikikitia kivuli, na changarawe ya chini ikiwa safi, kwa maana ndani yake trauti huzika mayai. Tope likiyafunika, mayai hukosa hewa na kufa.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi. Simwambii mtu alete trauti Masereka. Samaki mgeni mlafi aweza kuwamaliza wenyeji wa maji, nao wana haki ya kukaa kwao. Nasema tuvitazame vijito vyetu. Milima yetu ni mikali, nayo imelimwa mpaka ukingoni mwa maji. Mvua ikinyesha, kijito hugeuka rangi ya udongo: ule ndio udongo wa viazi na vitunguu vyetu, unaokwenda zake wala hautarudi. Tena wako wanaotia utupa majini ili wapate samaki bila taabu. Utupa hauchagui: huua mkubwa na mdogo, na kesho hakuna cha kuvua.

Wazazi, acheni hatua chache za majani na miti kando ya maji, msilime hapo. Nanyi watoto wa shule, siku moja inueni mawe ya kijito mtazame chini yake. Mkiona wadudu wengi wakitambaa, furahini: maji yenu yangali hai. Msipoona kitu ila tope, waulizeni wazee kijito hicho kilikuwaje zamani, kisha mpande miti. Samaki mkubwa hakui kwa siku moja, lakini siku moja ya utupa yatosha kummaliza.