Feni ya Pikapu Si Kesi, Tupeni Mahali

Wasee, ukweli usemwe. Jamaa wa Karen akibadilisha feni ya redieta kwa kompaundi yake Jumamosi, tunamsifu eti anajua gari yake. Jamaa wa Kawangware akifanya kazi hiyo hiyo kando ya Naivasha Road, tunasema anachafua mji. Spana ni ile ile. Tofauti ni geti.

Sheria ndogo za Nairobi zinakataza kutengeneza gari mahali ambapo hapajatengwa, isipokuwa kwa dharura. Kwa karatasi inasikika poa. Lakini keja nyingi za Kibera ni chumba cha futi 10 kwa 10. Hiyo pikapu utaiingiza wapi, chini ya kitanda? Kwa watu wetu, barabara ndiyo kompaundi.

Na si eti mtu anacheza. Gari ikitembea, upepo unapoza redieta. Ikisimama kwa jam, feni ndiyo inavuta hewa. Sasa fikiria mtu anatoka Marikiti alfajiri na mzigo wa sukuma. Kwa jam mshale wa joto unapanda, barabara ikifunguka unashuka. Hapo shuku feni kwanza. Akipuuza, gasketi ya hedi inaungua, na pesa ya mboga ya miezi inaishia kwa injini.

Kazi yenyewe ni gani? Pikapu nyingi za mtaa, hasa zile mzee, feni inazungushwa na injini kwa mkanda. Unazima, unangoja injini ipoe kabisa, unatoa waya ya betri. Unalegeza kava, unafungua nati zinazoshika feni mbele ya pampu ya maji, unatoa ya zamani, unaweka nyingine bila kukwaruza redieta. Kabla ya kuwasha unaizungusha kwa mkono uone haigusi kava. Gari zingine lazima utoe paipu ya juu, basi maji unakinga na beseni. Oili haimwagiki hata tone. Huu ndio uhalifu tunaufukuzia watu?

Najua mtasema, "Wakiachiliwa, kesho watamwaga oili kila mahali na watembea kwa miguu watakosa njia." Hiyo hoja ina uzito. Oili chafu inaharibu udongo na maji, na mama mwenye mtoto mgongoni hafai kusukumwa kwa lami na boneti ya mtu. Lakini dawa yake ni mahali pa kufanyia kazi, si kukimbizana.

Na hii si ndoto. Miaka ya 1980 mafundi wa Kamukunji walikuwa wanachomeka kwa jua hadi serikali ikaamua kuwajengea vibanda. Ikitaka, inaweza.

Kwa hivyo tunaitisha kitu kidogo: uwanja mmoja Kawangware, mmoja Kibera. Sakafu ya simiti, pipa la oili chafu, taa, na ada ya kulipa kwa saa vile tunalipia parking. Hatuombi msaada, tutalipa.

Kabla huo uwanja ujengwe, ukimshika mtu na feni mkononi hujasafisha mji. Umemwadhibu tu kwa kukosa ploti.

Sema hapo chini: mtaani kwenu, huo uwanja ungekaa wapi?